Nyuki wetu, fremu za watu: kwa nini sega linakwenda mshazari

Ukikaa na wafugaji wa nyuki huku Pemba hata robo saa hutoikosa hii kesi. Mtu kapewa mzinga wa fremu, yaani sanduku lenye viunzi vya mbao ambamo nyuki wanajenga masega, mzuri, umepigwa rangi, nyuki wameingia wenyewe bila kubembelezwa, miezi ikapita, siku ya kurina anafunua kifuniko anakamata fremu ya kwanza anavuta haitoki, anavuta ya pili nayo haitoki, akitia nguvu zinanyanyuka nne kwa pamoja zimegandana, asali inamwagika, majana, yaani watoto wa nyuki, yanakatika katikati, nyuki wanapandwa na hasira na mchana wenyewe unaishia watu kukimbilia ndani na kufunga milango. Halafu inatoka hukumu: nyuki wa hapa wakorofi, hawajui kukaa kwenye fremu, hii mizinga ya kizungu haituingilii, bora turudi kwenye mizinga ya magogo.

Mie kazi yangu ya asili ni useremala, kwenye nyuki niliingilia upande wa mbao, watu walikuwa wakiniletea masanduku yao niyatengeneze, mara mguu umeliwa na mchwa, mara kifuniko kimepinda, na fundi ukishaishika mizinga ya watu wengi unaanza kuona mambo. Na nilichokiona ni kwamba nyuki anajenga vizuri sana, tena kwa kipimo ambacho mafundi wengi hatukiwezi, ila tunamuweka kwenye sanduku lenye kipimo cha nyuki mwengine.

Kwanza mtazame akiwa peke yake. Huku Micheweni na Kiuyu ardhi ni mawe matupu, na kwenye mawe hayo muna mapango na nyufa ambazo nyuki wanazipenda sana. Wazee walikuwa wakirina humo usiku, mwenge wa makuti mkononi, kazi ya hatari na ya hasara vilevile mana kundi lote linaungua. Ukipata nafasi ya kulitazama pango lenye nyuki kwa utulivu utaona masega hayakunyooka hata kidogo, yamejipinda kufuata jiwe, jengine limekunja kona kabisa. Lakini jirani yake nalo limejipinda vilevile, na la tatu vilevile, na upana wa njia baina yao haubadiliki tokea juu mpaka chini, yamejipanga kama safu za msikitini. Kwa hivyo nyuki kunyooka hakumshughulishi, kinachomshughulisha ni umbali kutoka sega hadi sega. Ukilielewa hilo mambo mengine yote ya fremu yanajieleza.

Sasa hichi kipimo. Aliyekiweka wazi duniani ni kasisi mmoja wa Kimarekani, Lorenzo Langstroth, kule Philadelphia mwaka 1851, na hati yake ya uvumbuzi akaipata Oktoba 1852. Aligundua kwamba nyuki ukimuachia upenyo wa baina ya milimita 6 na 9 hivi, anauacha kama ulivyo, ndio njia yake ya kupita. Ukiwa mdogo zaidi anauziba kwa gundi yake, ile nyeusinyeusi inayonata kwenye vidole mpaka kesho yake. Ukiwa mkubwa zaidi anaona hapa pana kiwanja, anajenga. Hio ndio siri yote ya mzinga wa fremu, kwamba fremu haigusi ukuta, haigusi kifuniko, haigusi chini, na kila upande kuna njia ambayo nyuki haoni sababu ya kuijenga. Ukikuta fremu imegandishwa ukutani kwa sega, usitafute uchawi, chukua tepu upime, utakuta sentimita moja na nusu au mbili.

Ila Langstroth alikuwa na nyuki wa Ulaya, na nyuki wa Ulaya ni mkubwa. Wetu huyu wa mwambao, wataalamu wanamwita Apis mellifera litorea, ni mdogo, mdogo hata kuliko yule wa bara. Chukua kipande cha sega la majana lililojengwa na nyuki wenyewe, weka rula juu ya vijumba kumi, vile vitundu vya sega, vilivyofuatana, utapata sentimita 4.8 hivi, pengine chini kidogo. Sega la nyuki wa Ulaya vijumba kumi hivohivo vinakwenda sentimita 5.3 au 5.4. Na kama kijumba ni kidogo basi sega zima ni jembamba zaidi na masega yanasogeleana zaidi. Fremu za kizungu zimepangwa katikati mpaka katikati milimita 35. Nyuki wa Kiafrika anataka 32.

Utasema milimita tatu ni nini, hata msumari una unene huo. Haya tuhesabu. Sega la kwanza kaliweka katikati ya fremu ya kwanza, sawasawa. La pili yeye analitaka milimita 32 kutoka hapo wakati fremu iko 35, keshakosea tatu. La tatu keshakosea sita. La nne tisa, la tano kumi na mbili, la sita kumi na tano, na milimita kumi na tano ndio keshatoka kwenye ubao wa fremu, sega linaning'inia kwenye mwanya baina ya fremu mbili na linazishika zote. Ndio mana watu wengi wanakwambia mbona fremu za mwanzo zilikuwa nzuri halafu zikaharibika. Hazikuharibika, deni lilikuwa linapanda pole pole.

Juu ya hilo sisi wenyewe tunaongeza. Niliitwa kutazama mizinga ya kikundi kimoja cha akina mama upande wa Micheweni, mizinga ya msaada, waliletewa na mradi ambao ulishamaliza muda wake na wenyewe hawapo tena. Bi mkubwa aliyekuwa akiisimamia alinipokea kwa heshima zote, akanitilia maji ya madafu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini wenziwe wasisikie, "Mwanangu, hebu niambie kweli, hawa nyuki wana jini?" Nikamwambia, "Hawana jini mama, wacha tufungue tuone." Tukangoja magharibi ipite, tukawapulizia moshi, tukafunua, nikahesabu fremu: nane. Sanduku la fremu kumi. Nikauliza mbili ziko wapi, akanambia ziko ndani juu ya kabati, tumezitoa nyuki wapate hewa. Na nani kakufundisheni hivo? Waliokuja kutufundisha!

Nane kwenye nafasi ya kumi, zimetawanywa kwa usawa kabisa, kwa uzuri, baina ya fremu na fremu mwanya wa kutosha kutia dole gumba. Nyuki walikuwa wamejenga sega la fremu na katikati wakajenga sega jengine dogo, tena wakaunganisha na pale penye kona wakazungusha. Kwa kipimo chao ilikuwa kazi safi. Nilivyomuonesha bi mkubwa kwa tochi ile njia baina ya masega, yote sawa, akacheka akasema kumbe mafundi hawa. Mafundi, mama, ila wamepewa kiwanja kisichokuwa na ramani.

Basi dawa yake kwa upande wa mbao ni hii na haina gharama. Fremu nyingi za kiwandani zina mabega, yaani zile mbao mbili za ubavuni juu zimeachwa pana ili fremu zigusane zenyewe na umbali ujipange bila mtu kupima. Mabega hayo upana wake ni 35. Unachukua randa unalila kila bega milimita moja na nusu upande huu na moja na nusu upande wa pili, unabaki na 32. Usiishie hapo, mana ubao wa juu nao kwa kawaida ni 27, ukiusogeza kwenye 32 njia inayobaki ni milimita 5 na nyuki ataiziba kwa gundi, kwa hivyo na huo upige randa mpaka 24, njia ibaki 8. Sasa raha yake ni kwamba sanduku hulibadilishi: kumi mara 35 ni 350, kumi na moja mara 32 ni 352. Sanduku lilelile la fremu kumi linachukua kumi na moja, na kidogo kinachobaki unakigawa kwenye kuta mbili. Nyuki wanapata fremu ya ziada na wewe unapata masega yanayotoka.

Na zikishaingia zisukumane. Bega kwa bega, hakuna kuziachia hewa. Hewa nyuki wanaijua wenyewe, wanapepea na mbawa, mlango unatosha.

Tukija kwenye muongozo. Nyuki anajenga gizani na anajenga kwa kupapasa, akikuta mgongo wowote uliotokeza, ukingo wa mbao, mstari wa nta ya zamani, ndipo anapoanzia. Ukimpa ubao wa juu ulio bapa, umepigwa msasa unang'ara, atachagua mwenyewe pa kuanzia na si lazima pawe unapopataka wewe. Kwa hivyo chini ya ubao wa juu katikati kabisa pachongwe mgongo wa pembe tatu, au pakatwe mfereji mwembamba uchomeke kipande cha nta upana wa sentimita mbili hivi, ukigandishe kwa nta ya moto. Katikati nasema ni katikati ya kupimwa, si ya kukisia. Mie napenda vyote viwili, mgongo halafu naupaka nta juu yake nikiusugua kwa kipande kibichi kisichoyeyushwa, ile harufu inawavuta.

Wako wanaotia karatasi nzima ya nta iliyopigwa mhuri wa vijumba. Hio nayo ina historia yake, aliyeitengeneza mwanzo ni Mjerumani Johannes Mehring mwaka 1857, na nafurahi kusema alikuwa seremala. Ukipata karatasi nzuri ni kazi nzuri, nyuki wanafuata mhuri na sega linatoka limenyooka pande zote. Lakini karatasi nyingi zinazouzwa zimepigwa mhuri wa nyuki wa Ulaya, vile vijumba vya milimita 5.4, na nyuki wetu anakutana na ramani ya nyumba isiyomuenea, wengine wanaifuata kwa shida, wengine wanaitafuna na kuanza upya kwa saizi yao, ukifungua unakuta sega lina viraka. Tena kuna zile zilizochanganywa na nta ya mshumaa, hizo zikipata joto zinalegea zinatoa tumbo, na sega likitoa tumbo jirani yake lazima liingie ndani. Kwa mfuko wetu na kwa nyuki wetu mie nasema kipande chembamba kinatosha, acha wajenge saizi wanayoitaka.

Isipokuwa una mashine ya kukamulia. Ile mashine ya kuzungusha, iliyoanzishwa na Franz Hruschka mwaka 1865, ndio iliyoipa fremu maana, unakamua asali unarudisha sega zima, nyuki hawaanzi tena kutoa nta. Lakini sega lisilokuwa na waya ndani likizungushwa linapasuka, hasa likiwa jipya. Hapo unatoboa ubavu wa fremu matundu manne kila upande, unapitisha waya mwembamba unaukaza mpaka ukiugusa unalia. Kama una karatasi ya nta unailaza juu ya waya halafu unagusisha ncha za waya kwenye betri ya pikipiki kwa sekunde chache, waya unapata moto unazama wenyewe ndani ya nta. Chache, nimesema. Ukizubaa unaikata karatasi vipande vitano. Na kama hukuweka karatasi, nyuki watajenga wakaumeza waya wenyewe bila matata.

Kitu ambacho hakuna anayekifikiria ni pimamaji. Nyuki anajenga kwa uzito, minyororo ya nyuki inaning'inia na sega linashuka pale uzito unapoelekea, chini moja kwa moja. Sanduku likiinamia ubavuni, fremu inainama nalo lakini sega haliinami, juu liko katikati ya fremu na chini limeshatoka nje linagusa jirani. Pemba yetu hii ya vilima na mabonde, ukishuka upande wa Wete au Mkoani unatafuta mahali pa sawa pa kuweka meza hupati, seuze mzinga. Kwa hivyo pimamaji iwekwe juu ya sanduku kwa upana, kukatiza fremu, na hapo kiputo kikae katikati kabisa. Kwa urefu, yaani mlangoni mpaka nyuma, haina neno, tena bora uinamie mlangoni kidogo, masika maji yatoke.

Na kivuli, hili napita haraka mana kila mtu analijua na hakuna anayelifanya. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 mpaka 64 lakini inaanza kulegea mapema zaidi, ikishapita 40 hivi, na bati lisilofunikwa kwenye jua la kaskazi linalifikisha sanduku huko. Sega jipya lenye asali linakatika linaanguka. Weka makuti juu ya bati.

Haya, sanduku liko sawa. Nani anajenga? Hapa watu wanakosa subira. Nta haiokotwi nje, inatoka mwilini mwa nyuki mwenyewe, kibarua kijana wa siku kumi na mbili mpaka kumi na nane hivi, chini ya tumbo lake kuna tezi nane zinazotoa vigamba vyembamba vyeupe, anavitafuna anavilainisha anavibandika. Na ili atoe nta ni lazima ale, ale asali nyingi, kilo moja ya nta inakula kilo kadhaa za asali. Kundi lenye njaa halijengi, hata ulipe fremu ya dhahabu. Kwa hivyo ukitaka kazi ya haraka na ya kunyooka ni wakati maua yapo, na huku kwetu tuna bahati ya minazi ambayo haiachi kutoa kole mwaka mzima, na mikandaa kwenye ghuba, halafu mizambarau, miembe na mikorosho kwa misimu yake. Kama maua hakuna na kundi ni jipya, maji ya sukari, kipimo kwa kipimo, ndani ya mzinga si nje, nje utaita nyuki wa kijiji kizima na sisimizi wao.

(Kuna wateja mjini wanaulizia asali ya karafuu. Nawaheshimu, lakini karafuu tunaichuma ikiwa bado haijafunguka, ua likishafunguka ndio limeshatupita. Nyuki anapata zile zilizomshinda mchumaji juu kileleni. Anayekuuzia pipa zima la asali ya karafuu muulize hio karafuu yenyewe kaichuma nani.)

Wajenzi bora kabisa ni kundi lililoingia sasa hivi. Wametoka kwao matumbo yamejaa asali, hawana nyumba, hawana majana ya kulisha, kazi waliyonayo ni kujenga tu, na mwanzoni wanajenga vijumba vya vibarua karibu vyote. Kundi la zamani lililoshiba linapenda kujenga vijumba vya madume, vikubwa, vinavyotokeza. Kwa hivyo ukishaona mzinga umeingia wageni usikae miezi unawasubiri. Waache siku tatu nne wazoee, halafu jioni moja jua likizama nyanyua kifuniko pole pole.

Ni kitu cha kukitazama hicho. Unavuta fremu kidogo kidogo na unaona nyuki wameshikana miguu kwa miguu, mnyororo kutoka fremu hii mpaka ile, unanyoosha unanyoosha halafu mmoja anaachia na mwengine anashika tena. Sega liko nusu duara dogo, jeupe pee, jembamba kiasi kwamba tochi ukiiweka nyuma unaona kivuli cha nyuki wa upande wa pili. Wakati huu kama linaanza kukata kona unalisukuma kwa kidole tu, linafuata, ni laini bado. Kama limeanzia pasipo pake unalikata kwa kisu unalibandika pake, hawajapoteza kitu. Wiki mbili baadaye kosa hilohilo linataka kisu kirefu, bomba la moshi na watu wawili wenye moyo. Na unapolishika sega jipya usiligeuze bapa kulitazama tumbo, litakatika kwa uzito wake, lizungushe likiwa wima.

Moja likishanyooka ndilo la thamani kuliko yote. Nyuki anatumia sega lililopo kuwa ukuta wa kupimia lijalo, lililonyooka linazaa lililonyooka na lililopinda linazaa lililopinda. Kwa hivyo fremu tupu unaiweka baina ya mbili zilizojengwa vizuri, zenye majana, moja tu kwa wakati. Usiiweke baina ya masega ya asali ambayo hayajafunikwa, hapo badala ya kujenga jipya watayanenepesha yale yaliyopo mpaka yakutane katikati. Na kama kundi ni dogo lipunguzie nyumba, weka ubao wa kuzibia pembeni, uusogeze wanavyoongezeka. Nyuki wetu akiona nyumba kubwa haiwezi, akichokozwa kila siku, akiona sisimizi na nondo wa nta, wale wadudu wanaokula masega, wamemshinda, hasubiri, anahama, na kuhama kwake unakuta asubuhi masega yapo na wenyewe hawapo. Miguu ya meza itiwe kwenye makopo ya oili chafu.

Kwa mzinga ambao umeshaharibika, kama ule wa kina mama, kazi ni ya jioni na si ya siku moja. Moshi wa makumbi ya nazi, makavu, unawaka pole pole na ni wa baridi, hauwachomi. Unaanzia pembeni ambako kuna nafasi. Sega la asali lililokwenda mshazari unalikata unalitia ndoo, hilo usihangaike kulirudisha, ni zito halishiki, wacha watu wale. Sega la majana ndilo la kuokoa. Unalikata likiwa zima, unalikalisha ndani ya fremu tupu, juu yake palepale juu, usiligeuze kichwa chini mana vijumba vimeinamishwa kidogo kwenda juu ili asali isimwagike, halafu unalifunga na rababendi mbili tatu, au ukindu, au kamba za mgomba. Mie nachagua kamba za mgomba kwa sababu nyuki wakishaligandisha sega wanazitafuna wenyewe na kuzitupa mlangoni, ukipita asubuhi ukiona nyuzi chini ya mlango umeshajua kazi imeshika. Fremu mbili, pengine tatu, basi funika, zilizobaki wiki nyengine. Ukitaka kumaliza kwa siku moja watakuachia nyumba yako.

Bi mkubwa alitaka tumalize siku ile ile. Nilimkatalia kwa adabu, tukarudi mara nyengine, na zile fremu mbili zilishuka kutoka juu ya kabati.

Usitarajie kila sega litoke kama la kwenye picha. Fremu moja mbili za vijumba vya madume waachie, wanazihitaji, ukizikata watajenga tena sehemu nyengine na huko ndiko watakakokuvurugia. Zisogeze pembeni tu. Na masega yaliyokwisha kuwa meusi kwa kulelea majana usiyaonee huruma, yatoe pole pole, moja moja, hayo ndio mama wa nondo.

Hayo meusi ndiyo yanayokupa nta ya miongozo. Unayachemsha ndani ya maji, si kwenye moto mkavu, unachuja kwa kitambaa, maji yakipoa nta inaganda juu. Unaiyeyusha tena ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, unachukua ubao mwembamba laini uliolowekwa maji ya sabuni, unauchovya mara mbili tatu, unautia maji baridi, na nta inabanduka karatasi mbili, kila uso moja. Unakata vipande vya sentimita mbili, unaweka kivulini vikiwa bapa. Sufuria iwe ya kazi hiyo peke yake, isirudi jikoni, mana nta haitoki kwa sabuni wala kwa jivu na mwenye jiko hatokusikiliza habari za milimita.